Kofi Linalolitangulia Sikio

Ngoma ikipigwa, ngozi iliyowambwa huisukuma hewa na kuivuta, na mtetemo huo husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde hadi kwenye kiwambo cha sikio, nacho kikatetema vilevile. Vifupa vitatu vidogo huupokea na kuupeleka kwenye koklea, mfereji uliojiviringa wenye majimaji, ambamo chembe zenye vinyweleo huugeuza kuwa ishara za neva. Hadi hapo mtoto hajajifunza kitu. Kujifunza kunaanzia kwenye pigo linalofuata.

Watazame watoto wa madrasa pale Ujiji, Kigoma, wakifuata dufu kwa makofi. Mtu anayengoja asikie ndipo apige, lazima achelewe: tangu sauti iingie sikioni mpaka mkono ujibu hupita zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wangekuwa wanangoja, tungesikia dufu kwanza, kisha makofi nyuma yake. Lakini makofi huangukia juu ya dufu. Basi mkono ulianza safari kabla sauti haijatoka! Mtoto amepima muda kati ya mapigo yaliyopita, amelikisia lijalo, ameiamuru misuli mapema, na sikio limekuja kumthibitishia au kumsahihisha. Sehemu ya ubongo inayosikia na ile inayoandaa mwendo zimefanya kazi moja.

Uwezo huu huanza mtoto akiwa bado anabebwa. Mwaka 2005, watafiti Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, wakiwa Kanada, waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mdundo usio na pigo zito. Wengine walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo pale miili yao ilipokuwa imerushwa. Waliotazama tu bila kurushwa hawakuonyesha upendeleo huo. Mwili ulilifundisha sikio. Nikimwona mama wa Kigoma akicheza ngoma na mtoto mgongoni, naona somo la kwanza la muziki likiendelea.

Somo gumu zaidi limo katika ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu. Katika kundi moja, ngoma ziitwazo amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika, huku zile ziitwazo ibishikizo zikiifuata ngoma ya katikati, inkiranya. Anayepiga amashakwe anasikia utamu ukibadilika pembeni yake na hana ruhusa ya kuufuata. Mtoto akiweza hilo, amefanya zoezi zito la umakini na la kujizuia, na amelifanya kwa furaha.

Kusoma nako kunahitaji sikio linalojua silabi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Watafiti wameona mara nyingi kwamba watoto wanaoshika mdundo vizuri hutofautisha vizuri pia sauti za maneno, ingawa kuambatana huko pekee hakuthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine.

Tusiahidi miujiza. Mwaka 2004, mtafiti Glenn Schellenberg alichapisha jaribio la watoto 144 wa miaka sita: waliofundishwa muziki waliongeza alama za kipimo cha akili kuliko wenzao, lakini tofauti haikufika pointi 3. Tafiti za baadaye zimetilia shaka hata hizo. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Kusikiliza, kukisia na kwenda pamoja na wenzako ni ujuzi kamili, na kufuta kipindi cha muziki ili kuongeza mazoezi ya mtihani ni kumnyima mtoto ujuzi huo.

Mwalimu asiye na ala yoyote anaweza kuanza kesho. Apige meza kwa mwendo wa kutembea, darasa lifuate kwa makofi hadi litulie. Kisha anyamaze kwa muda wa mapigo manne, na watoto nao wanyamaze, bila kuhesabu kwa sauti, kisha wote wapige la tano. Pigo la tano litamwonyesha nani amebeba mdundo ndani yake na nani alikuwa akimtazama jirani.