Somo la Ukulima: Tungule katika Banda la Nailoni



Katika darsa zetu twapenda kukumbushana kuwa kila jambo lina sababu yake, na kwamba mwenye kuacha kuitafuta sababu huishia kumdhulumu mtu. Somo la leo ni la tungule, ambazo wengine huziita nyanya. Lakini mtaona kuwa si la tungule peke yake.

Kikundi chetu kilichanga fedha kikajenga banda la nailoni huko Kisauni, kwa nia ya kuwa mapato yake yalipe karo za watoto wasio na wa kuwalipia. Tuliazimia kulima kwa samadi na mboji, bila ya dawa za sumu. Msimu wa kwanza mitungule ilistawi ikatoa maua mengi, kisha maua yakapukutika pasina kufunga tunda. Msimu wa pili yalifunga machache, na mara miche ikaanza kunyauka ingali mibichi: mmoja leo, watatu kesho. Wako waliosema ni jicho. Nasi, twakiri, tulimtuhumu mzee aliyekuwa akilinda banda kuwa amemwagia mizizi maji ya chumvi. Tukamwachisha kazi bila ya ushahidi wowote.

Natuzitazame sababu moja moja.

Ama maua, huenda mtu akadhani kuwa mmea haukupata mchana wa urefu unaoutaka. Dhana hii ina asili. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza kuwa iko mimea ingojayo mchana uwe mfupi au mrefu kwa kiasi fulani ndipo itoe maua. Lakini mtungule si katika hiyo. Wenyewe hutoa maua umri wake ukifika, mchana uwe mrefu au mfupi. Tena huku kwetu, karibu na ikweta, mchana haupungui wala kuzidi sana saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi kasoro haikuwa hapo.

Kasoro ilikuwa joto. Banda la namna hii asili yake ni nchi za baridi. Miali ya jua hupenya, hupasha udongo na majani, na hewa iliyopata moto haina pa kutokea. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni neema. Kwetu ni tanuri. Mtungule hupenda mchana wa digrii 21 hadi 29 hivi. Joto likipita 32, na usiku nao usipopoa, chavua huharibika, na ua lisilopata chavua nzima huanguka. Mombasa mwezi wa Machi, hata nje kivulini, joto la mchana hufika 32 na zaidi. Ndani ya banda lililofungwa litakuwaje?

Dawa yake ni tatu. Kwanza, banda liwe refu kwenda juu, liwe na mwanya penye kipaa, na kuta zake ziwe za wavu badala ya nailoni, maana hewa ya moto hupanda juu na haina budi ipewe njia. Pili, nyakati za jua kali litandikwe wavu wa kivuli. Tatu, nayo ndiyo kubwa, kupanda kwa wakati wake. Miche isiwe mwezi wa Machi ili ihamishwe Aprili au Mei. Hapo maua yatatoka Juni na Julai, miezi yetu ya poa. Katika mvua za masika banda litafanya kazi yake ya kweli huku pwani, yaani kuwa mwavuli. Majani yakikaa makavu, ukungu hupungua. Na kwa kuwa ndani hakuna upepo wa kutosha, kila asubuhi umande ukishakauka mashada ya maua yatikiswe kidogo, ili chavua ianguke.

Ama kunyauka, bwana mmoja aliyesomea ukulima alitufundisha mtihani mwepesi. Tulikata kipande cha shina karibu na mizizi, tukakining'iniza katika gilasi ya maji safi. Hazikupita dakika nyingi, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka. Hizo ni bakteria, vijidudu vya mnyauko, vikaavyo udongoni na kuingilia mizizini. Huziba njia ya maji ndani ya shina, mmea ukafa kwa kiu hali udongo ni majimaji. Vikishaingia shinani hapana dawa. Huzidi udongo ukiwa na joto, na huzidi mahali palimwapo tungule, biringani, pilipili au mbatata mfululizo, kwa kuwa zote ni jamaa moja.

Kwa hiyo miezi ya Januari hadi Machi, banda lisipofaa kwa maua, lifanyeni liwatumikie. Udongo utiwe maji, ufunikwe kwa nailoni nyeupe yenye kupitisha jua, kingo zizibwe, ukae wiki sita. Joto lile lililotuangushia maua litaua vijidudu vingi na mbegu za magugu, ijapokuwa vilivyo chini sana husalia. Ndipo itiwe mboji iliyoiva. Samadi mbichi huunguza mizizi. Na lundo la mboji sharti lipate moto wa digrii 55 au zaidi kwa siku kadhaa, lipinduliwe, kisha lingojwe hata lipoe na kunukia udongo. Baada ya tungule panda mahindi, ijapokuwa bei yake ni ndogo. Na mche ulionyauka ung'olewe pamoja na udongo wake, usitupwe lunduni.

Tulipokwisha kuona zile nyuzi katika gilasi, tulikaa kimya. Kisha tukaenda nyumbani kwa yule mzee, tukamtaka radhi. Alitukaribisha kahawa, akasema: "Wanangu, mngaliniuliza ningaliwaambia. Kiwanja kile kililimwa biringani miaka mingi kabla yenu, na zilikuwa zikinyauka vivyo hivyo."

Basi elimu tuliyoitafuta mbali ilikuwa imekaa mlangoni petu, nasi tuliifukuza. Mzee amerudi kazini, na sasa hatupandi kitu kabla ya kumuuliza. Nanyi, kabla hamjatia mbegu, ulizeni ardhi ile ililimwa nini. Na kabla hamjamtuhumu mtu, chukueni gilasi ya maji.