Stabilaiza ya Mashine ya Vifaranga: Soma Kibandiko Kabla ya Kulipa

Mfugaji, mayai yako yana siku 17 kwenye mashine, umeme unarudi kwa nguvu na kontrola inaungua. Joto la nyuzi 37.5 halisimamiwi tena na mtu, na vifaranga ulivyoviahidi kwa wateja viko hatarini. Ndiyo maana tunanunua stabilaiza. Lakini nyingi hununuliwa kwa kuangalia bei na ukubwa wa boksi tu. Angalia haya:

1. Volti za kuingia. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Kibandiko kikisema 140–260V, maana yake volti zikishuka chini ya 140 stabilaiza haitakusaidia, nyingi hukata kabisa. Kwa hiyo pima kwanza bandani kwako, hasa saa 1 hadi saa 3 usiku watu wengi wanapotumia umeme. Ukikuta 130, hiyo siyo yako, tafuta inayoanzia chini zaidi.

2. Volti za kutoka. 230V ±8% ni kati ya 212 na 248 hivi. Kadiri asilimia inavyokuwa ndogo, ndivyo umeme unavyotulia zaidi.

3. VA siyo wati. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Kama kigawo cha nguvu (kimeandikwa PF) ni 0.8, stabilaiza ya 500VA inabeba wati 400 tu. Jumlisha hita, feni na mota ya kugeuza mayai. Tuseme ni wati 300. Ongeza asilimia 30 ya akiba, unapata 390. Kwa hesabu 500VA inatosha, ila kwa shida. Na volti zikishuka sana, stabilaiza nyingi hazibebi tena mzigo wote ulioandikwa. Kama kwako umeme hushuka kila jioni, chukua 1000VA.

4. Muda wa kusubiri. Nyingi zina kitufe cha sekunde 6 au 180. Friji ya chanjo iwekee 180 ili kompresa ipumzike kabla ya kuwaka tena. Mashine ya vifaranga inatosha sekunde 6. Kwa hiyo usiviunganishe pamoja, kila kimoja kiwe na stabilaiza yake. Tena kompresa ikianza kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

5. Ulinzi wa umeme mkali wa ghafla, kama wa radi. Siyo kila stabilaiza inao. Kama upo, uwezo wake mara nyingi huandikwa kwa joule, na kwa kawaida unategemea waya wa ethi. Muite fundi umeme aupime. Radi ikianza kupiga karibu, ulinzi huo usiuamini peke yake.

Mwisho, stabilaiza haitunzi umeme. Umeme ukikatika na mashine inazima. Hapo unahitaji betri na inveta, au jenereta, na hata jenereta ipitishe kwenye stabilaiza.

Leo andika wati za mashine yako, jioni pima volti, ndipo uende dukani na namba hizo mbili mkononi.