Mzigo wa Akili Kazini

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kuelekea pwani alibeba takriban kilo 30, na mzigo wake ulipimwa kwa frasila. Mzigo wa akili hauna mizani; hivyo sheria huanza na saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamwekea mwajiri kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na kumtaka atoe pumziko la saa 24 kila wiki. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Sonona nayo ni ugonjwa. Mgonjwa asione haya kuomba cheti cha daktari, nasi tabibu tusisite kukiandika.