Mnato wa Gesi Katika Baridi Kali

Asali ikipata baridi huwa nzito, ukiipasha moto humiminika upesi. Kwa hiyo wengi wetu tukiulizwa kama hewa nayo huwa nzito ikipozwa, twajibu ndiyo bila kufikiri. Sivyo. Mnato, yaani ukinzani wa kitu kinapotiririka, hupungua katika gesi iliyopozwa. Mnato wa hewa ya nyuzi 173 chini ya sifuri haufiki hata nusu ya ule wa hewa ya nyuzi 27.

Sababu ni kwamba molekuli za asali zimeshikana, na joto huzilegeza. Za gesi ziko mbalimbali; zile za tabaka liendalo mbio huruka na kuingia katika tabaka la polepole, zikilivuta. Zikipoa huruka kwa uvivu, na mvuto huo hupungua.

James Clerk Maxwell alipima jambo hili nyumbani kwake London, akatangaza matokeo mwaka 1866. Alitundika visahani vya kioo kwa waya, vikawa vinazunguka huku na huku katikati ya visahani vilivyotulia, naye akiangalia jinsi hewa ilivyovipunguzia mwendo. Ili kukipasha chumba joto walikoka moto mkubwa na kuchemsha mabirika, ingawa hali ya hewa ilikuwa ya joto tayari. Mchochea moto alikuwa mkewe, Katherine. (Mama huyu naona amesahauliwa mno.) Kisha wakaleta barafu.

Lakini barafu ni baridi ndogo. Mwaka 1913 huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walipima haidrojeni na heli katika baridi kali zaidi.

Njia nyingine ni kupitisha gesi katika mrija mwembamba sana uliozamishwa katika nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Taabu yote ni mrija: ukikosea upana wake kwa sehemu 1 katika 100, jibu hupotoka kwa sehemu 4.

Gesi zilizochanganywa zina vituko zaidi. Heli na argoni zikichanganywa kwa kiasi fulani, katika joto la kawaida, mnato wake huzidi wa kila moja peke yake! Tena argoni ikitiwa katika baridi ile ya nitrojeni yaweza kuganda ndani ya mrija, na kipimo kikaharibika.

Mbona watu wajisumbue hivyo? Molekuli zikienda polepole, mvutano baina yao hupata nafasi ya kuzipinda njia. Katika joto hupitana mbio tu, na mvutano huo hauonekani sana. Katika baridi waweza kuukadiria kwa hesabu, kutokana na gesi inayopita mrijani.