Usalama wa Vijana Usiku: Somo la Hai Jalaba

Ndugu wasomaji wa Nimule, Elegu, Kaya na Nadapal, vijana wenu wengi huja Juba kutafuta riziki, na jua likishatua hukutana katika mitaa kama Hai Jalaba. Hatuandiki makala haya ili kuwakataza starehe. Kijana aliyeshinda akibeba mizigo ana haki ya kucheka na wenzake jioni. Tunachokihofia ni chupa isiyo na nembo.

Araki ya Juba, waragi ya Uganda na chang'aa ya Kenya ni ndugu wa tumbo moja. Zote hukenekwa kwa moto. Vifo vya halaiki, hata hivyo, mara nyingi huletwa na mchuuzi anayetia methanoli, yaani spiriti ya viwandani, ili apate ukali kwa gharama ndogo. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho na huweza kuua.

Mwezi Mei 2014, pombe ya namna hiyo iliua makumi ya watu nchini Kenya, katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a. Mwezi Februari 2024 msiba ukarudi Kirinyaga, na serikali ya huko ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo kilichoibwa katika kituo cha polisi. Habari hiyo inatuhusu sisi tuvaao sare. Kwa hiyo wazee wa mtaa wanayo haki ya kuomba washuhudie pombe haramu iliyokamatwa ikimwagwa.

Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Twaiona hatua hiyo kuwa njema, ila marufuku pekee haimwokoi aliyekwisha kunywa.

Huyo huokolewa na wenzake. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, na hucheleweshwa zaidi akichanganya na pombe ya kawaida: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kukata, pumzi kwenda mbio, macho kuona ukungu. Wengi husema, "Mwacheni alale, ulevi utamtoka." Wengine humficha chumbani kwa kuwa hana vibali na wanaogopa maswali. Saa zinazopotea hapo ndizo zinazompofusha. Mgonjwa apelekwe hospitali kwanza. Suala la vibali litangoja.

Asiyejitambua alazwe ubavu, asije akapaliwa na matapishi, wala asiachwe peke yake. Asinyweshwe kahawa wala maziwa. Mkifika hospitali, mwelezeni daktari saa aliyokunywa, mkabidhini chupa iliyobaki, na mtajieni wote waliokunywa pamoja naye, hata wanaojiona wazima, ili watafutwe usiku uleule.