CHEZA NA MTOTO WAKO, LAKINI SI KWA CHUPA YA DAWA
Kijitabu cha wazazi na walezi wa Kipkelion

Kwa nini tunakuandikia

Tuliwahimiza wazazi wacheze na watoto wao nyumbani, na kuanzia Chepseon hadi Kunyak wengi wameitikia. Tunajivunia hilo. Lakini malalamiko nayo yamefika: watoto wanachezea chupa zilizokuwa na dawa ya kupe, dawa ya magugu na dawa ya kunyunyizia viazi. Jambo hili likome.

Mchezo si upuuzi

Mtoto ana haki ya kucheza. Imo katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 aushughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Simu na runinga hazimfai aliye chini ya miaka 2. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kumpa mtoto simu ili anyamaze si malezi.

Michezo isiyohitaji pesa

*Hajafika mwaka 1.* Zungumza naye kwa Kipsigis au lugha yoyote ya nyumbani. Jifunike uso kwa leso, kisha ujitokeze. Mlaze kifudifudi akiwa macho, nawe ukae karibu.

*Mwaka 1 hadi 2.* Mpe sufuria na mwiko apige ngoma. Mpe vikombe vya plastiki avipange, avibomoe, avipange tena.

*Miaka 3 hadi 5.* Magunzi ya mahindi yanatosha: ayahesabu, ayapange kwa urefu, ajenge zizi la ng'ombe. Mpe kikapu kidogo akusanye majani yaliyoanguka, kisha atenge madogo na makubwa. Jioni, kogo (nyanya yake) atege vitendawili.

Baba, nawe umo. Kazi hii si ya mama peke yake.

Maharagwe na punje za mahindi asichezee mtoto wa chini ya miaka 3. Humkaba koo na kumwingia puani.

ONYO: CHUPA YA DAWA SI CHOMBO CHA KUCHEZEA

Wapo wanaosema, "Niliiosha kwa sabuni." Haitoshi. Dawa hubaki kwenye mikunjo ya kifuniko, na sumu hupita mdomoni na hata kwenye ngozi. Usiifanye kayamba. Usiifanye gari. Usiitilie maji wala maziwa.

Wewe unayechanganya dawa:

- Chupa ikiisha, isuuze mara 3 papo hapo, na maji hayo uyamimine ndani ya pampu ya kunyunyizia.
- Itoboe, isitumike tena.
- Usiichome, usiitupe mtoni.
- Dawa iliyobaki ifungie kwa kufuli, ndani ya chupa yake yenyewe. Kuihamishia kwenye chupa ya soda ni kumtegea mtoto mtego.

Tunarudia: hata ikiwa tupu, chupa ya dawa si chombo cha kuchezea.

Mtoto akigusa au kumeza dawa

Dalili ni kama kutokwa na mate mengi, jasho, kutapika, kupumua kwa shida au kusinzia isivyo kawaida. Usingoje dalili zitokee. Usimtapishe. Usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Mvue nguo zilizolowa dawa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, umkimbize hospitali iliyo karibu: Kipkelion, Londiani au Fort Ternan. Beba chupa yenyewe, kwa kuwa kibandiko chake humwonyesha daktari ni sumu gani.



  

Fanya leo

Kabla ya giza kuingia, zunguka boma: chini ya kitanda, nyuma ya zizi, kando ya ghala. Kila chupa ya dawa utakayoiona, iondoe mahali mtoto anapofika. Ukishamaliza, keti chini ucheze naye.