Kuokoa Mafaili kwa Flashi ya Linux Bila Kuzima Ulinzi

Swali la mfano

Kompyuta mpakato ya ofisi ya taaluma katika shule moja wilayani Nachingwea inawaka, lakini Windows haifunguki. Ndani yake kuna alama za tathmini endelevu za Kidato cha Nne, na hakuna nakala nyingine. Secure Boot imewashwa. Eleza namna ya kuokoa mafaili hayo kwa flashi ya Linux. (Alama 10)

Kumbuka kwanza

Secure Boot ni ulinzi uliomo katika UEFI, programu ya kwanza kufanya kazi unapowasha kompyuta. Ulienea kuanzia 2012 pamoja na Windows 8. Hukagua sahihi za kidijiti ili programu hasidi zisijipenyeze kabla ya mfumo kuanza. Haukatazi Linux, unakataa programu isiyo na sahihi inayotambulika. Ubuntu hupita kwa sababu ina programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa sahihi na Microsoft. UEFI huikagua shim, kisha shim huikagua programu inayofuata, GRUB.

Jibu

1. Kwa kutumia kompyuta nyingine, pakua toleo jipya la Ubuntu, uliandike kwenye flashi isiyo na kitu muhimu, maana yote yaliyomo yatafutika. Toleo la zamani linaweza kukataliwa: sasisho la Windows la Agosti 2024 lilizuia shim za zamani zenye kasoro.
2. Chomeka flashi, washa kompyuta, bonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia (mara nyingi F12, F9 au Esc), kisha chagua flashi.
3. Chagua kuijaribu Ubuntu. Usiisakinishe, kusakinisha kunaweza kufuta diski nzima.
4. Fungua diski ya kompyuta, nakili mafaili kwenye flashi ya pili.
5. Hakikisha nakala zinafunguka, ndipo uzime.

Kosa la kuepuka

Usiandike "zima Secure Boot" kama hatua ya kwanza. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, badiliko hilo linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Linux nayo itauhitaji ili kusoma diski hiyo. Utafute kabla ya kugusa chochote.

Zoezi

(a) Kwa nini flashi ya zamani ya Linux inaweza kukataliwa leo? (Alama 3)
(b) Taja njia mbili ambazo shule ingetumia kuepuka tatizo hili. (Alama 2)